Dawa na dharura kwenye kliniki ya meno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na madaktari wa meno, matabibu wa meno na wauguzi wa kliniki ndogo: kiti kimoja au viwili, daktari mmoja, muuguzi mmoja na dada wa mapokezi. Mgonjwa akiyasoma naye hatapoteza muda. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima isipokuwa palipoandikwa vinginevyo, na mwongozo wa matibabu wa nchi yako ndio wenye neno la mwisho.

Nimuulize nini mgonjwa kabla ya sindano ya ganzi?

"Una ugonjwa wowote?" ni swali bovu. Mzee anayemeza vidonge vya presha kila asubuhi na kujisikia vizuri atakujibu "sina, daktari", wala hasemi uongo, maana kwake ugonjwa ni ule unaomlaza kitandani. Muulize hivi: Unameza dawa gani kila siku? Unahudhuria kliniki yoyote, ya sukari, ya presha, ya moyo, ya kifafa? Umewahi kulazwa au kufanyiwa upasuaji? Kuna dawa iliyowahi kukuletea vipele, kukuvimbisha au kukubana kifua? Umewahi kung'olewa jino damu ikakataa kukata? Leo umekula? Dawa za leo umemeza? Mama umri wa kuzaa muulize kama ni mjamzito au ananyonyesha.

Kisha uliza dawa za mitishamba na zile za kununua bila cheti. Asiyejua majina ya dawa zake alete mfuko wenyewe au kadi ya kliniki, au apige simu nyumbani asomewe pakiti.

Haya yaulizwe ndani, mlango umefungwa. Hakuna atakayetaja ARV au dawa za nguvu za kiume akiwa kwenye benchi la mapokezi, watu sita wakimsikiliza. Na maswali yarudiwe kila ziara, kwa sababu mgonjwa wa Machi si yule yule wa Oktoba.

Presha ikisoma ngapi niahirishe?

Kliniki nyingi hutumia mstari wa 180/110: ikifika hapo au zaidi, kazi isiyo ya haraka inasubiri. Lakini usihukumu kwa kipimo cha kwanza. Mpumzishe dakika tano hadi kumi, miguu chini, bila mazungumzo, upime tena, maana hofu ya koleo peke yake hupandisha presha. Ikibaki juu na hana dalili yoyote, mwandikie rufaa kliniki ya presha. Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kinachopasuka, macho kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, hiyo ni dharura ya hospitali.

Ile desturi ya kutoboa kidonge cha nifedipini na kukidondoshea chini ya ulimi iachwe kabisa. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo na moyo hukosa damu.

Mgonjwa ana maumivu makali ya jino. Nimwandikie antibayotiki?

Kwa kawaida hapana. Maumivu ya kiini cha jino kilichovimba ni uvimbe ndani ya chumba kisicho na nafasi, na dawa iliyomo kwenye damu haifiki hapo kwa kiasi cha maana. Kinachotibu ni mkono wako: kufungua jino, kutibu mzizi au kung'oa. Hata jipu dogo lililo chini ya jino moja, mgonjwa hana homa wala uvimbe unaosambaa, linataka kutolewa usaha kwanza. Kidonda kikavu baada ya kung'oa (tundu la jino lililobaki wazi bila damu iliyoganda) nacho huoshwa na kufunikwa dawa, hakimezewi vidonge. Kuhusu maumivu ya kiini na jipu dogo, Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kiliandika hivyo kwenye mwongozo wake wa 2019, na kitabu cha antibayotiki cha Shirika la Afya Duniani cha 2022 kinasema lilelile.

Basi antibayotiki ni ya nani?

Ni ya mgonjwa ambaye maambukizi yametoka kwenye jino na kuanza kutembea: ana homa, uso umevimba na uvimbe unaongezeka, tezi za shingo zinauma, mdomo haufunguki vizuri, mwili umechoka. Mwenye kinga dhaifu, kwa mfano mwenye kisukari kisichodhibitiwa au anayepata matibabu ya saratani, kizingiti chake ni cha chini zaidi.

Chaguo la kwanza ni amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa siku tatu hadi tano, ukimwona tena baada ya siku mbili au tatu. Metronidazoli miligramu 400 mara tatu kwa siku huongezwa pale maambukizi yanaposambaa au amoksilini peke yake isiposaidia. Kuziandika zote mbili pamoja na diklofenaki kwa kila anayeingia mlangoni si tiba, ni mazoea. Vidonge vinavyochanganya ampisilini na kloksasilini, vinavyopendwa sana madukani kwetu, Shirika la Afya Duniani limeviweka kwenye orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa.

Halafu kuna mgonjwa wa kutopoteza naye hata dakika ya kuandika cheti: uvimbe chini ya taya pande zote mbili, ulimi umeinuliwa juu, mate yanamdondoka kwa sababu hawezi kumeza, sauti imebadilika, hataki kulala chali. Njia yake ya hewa inafungwa. Akae wima, apewe oksijeni, apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji na wa usingizi sasa hivi, asiende nyumbani "kuona kesho".

Mgonjwa anasisitiza apewe "sindano ya nguvu". Nifanyeje?

Anayoitaka mara nyingi ni seftriaksoni. Shirika la Afya Duniani limegawa antibayotiki kwenye makundi tangu 2017, na hii imo kwenye kundi la kuangaliwa, la kutumiwa kwa uangalifu, wakati amoksilini imo kwenye kundi la matumizi ya kawaida. Mwambie kwa ukarimu kuwa jino lake halijakataa dawa, bali halijafunguliwa. Wengi hukubali ukishatuliza maumivu. Ukimkatalia bila kumtuliza ataishia duka la dawa la mtaani, na huko hatakataliwa.

Dawa gani ya maumivu inafanya kazi vizuri zaidi?

Ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000, zikimezwa pamoja baada ya kula. Kwa maumivu ya meno mchanganyiko huu hushinda au kulingana na dawa za jamii ya afyuni, bila usingizi na bila mazoea mabaya.

Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, na hapa ndipo watu huteleza. Mgonjwa amekwisha kumeza diklopa, ambayo ndani yake mna parasetamoli na diklofenaki, juu yake dawa ya mafua yenye parasetamoli, nawe unamwongezea zote mbili. Uliza alichomeza tangu jana.

Ibuprofeni na diklofenaki si za mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au moyo ulioshindwa kazi. Mwenye pumu muulize kama amewahi kuzitumia bila shida. Aspirini kama dawa ya maumivu asipewe mtoto chini ya miaka 16, na kodeini asipewe mtoto chini ya miaka 12 wala mama anayenyonyesha.

Ni migongano ipi ya dawa niikariri?

Vitabu vimejaa mamia. Kwenye kliniki ya meno ya Afrika Mashariki, hii ndiyo utakayokutana nayo.

Warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na metronidazoli: damu huwa nyepesi kupita kiasi ndani ya siku chache. Flukonazoli, dawa ya fangasi, hufanya vivyo hivyo, hata mikonazoli ya kupaka mdomoni, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Ibuprofeni au diklofenaki kwa anayetumia enalaprili au losartani (dawa za presha) pamoja na dawa ya kukojoza. Dawa tatu hizo kwa pamoja huweza kuangusha figo, hasa kwa mzee anayetapika au asiyekunywa maji. Mpe parasetamoli.

Klarithromaisini au erithromaisini kwa anayetumia simvastatini (dawa ya kolesteroli) huharibu misuli, na kwa anayetumia karbamazepini hupandisha kiwango chake hadi mgonjwa anapepesuka.

Karbamazepini yenyewe ni dawa tunayoiandika sisi, kwa maumivu ya neva ya uso yanayopiga kama umeme. Inashusha kiwango cha dolutegraviri, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa dozi ya ARV katika nchi zetu. Mgonjwa anayeficha hali yake anaweza kupoteza udhibiti wa virusi kwa cheti cha daktari wa meno, na hakuna atakayejua chanzo. Usiianzishe kabla ya kuuliza faraghani, na akiwa anatumia ARV wasiliana na kliniki yake kwanza, kwani dozi ya dolutegraviri hubidi ibadilishwe. Kwa upande mwingine, amoksilini, metronidazoli, parasetamoli na ibuprofeni hazigombani na dolutegraviri.

Midazolamu kwa anayetumia ARV zenye ritonaviri: usingizi mzito na wa muda mrefu.

Methotreksati (dawa ya saratani na ya ugonjwa wa viungo) na ibuprofeni: usiandike bila kuzungumza na daktari wake.

Metronidazoli na pombe: mwambie asiguse pombe wakati wa dozi na siku mbili baada yake. Usimuulize "unakunywa?" mbele ya mkwe wake, toa maelekezo hayo kwa kila mtu na yamalizike.

Nimsimamishe mgonjwa warfarini au aspirini kabla ya kung'oa?

Usisimamishe. Fizi inayovuja damu inaweza kubanwa kwa mkono. Damu iliyoganda kwenye ubongo au kwenye vali bandia haiwezi. Pata kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda) cha saa 24 zilizopita (saa 72 kama kipimo chake huwa hakiyumbi). Kikiwa chini ya 4 unaweza kung'oa jino moja hadi matatu kwa njia ya kawaida. Panga asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili akivuja damu usiku kuwe na mtu wa kumpokea kesho yake. Anza na jino moja, bana, shona, mng'atishe shashi, usimruhusu kuondoka mpaka damu ikate.

Aspirini ya dozi ndogo pekee haina haja hata ya kipimo.

Mjamzito apewe nini?

Parasetamoli, amoksilini na ganzi ya lignokeni ni salama. Doksisaiklini na tetrasaiklini hapana. Ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe kuanzia wiki ya 20, na miezi mitatu ya mwisho zisitumike kabisa. Jino bovu litibiwe. Kumwambia mama asubiri ajifungue huku usaha unamlaza macho ni kumwonea. Mimba ikiwa kubwa usimlaze chali: weka mto chini ya nyonga ya kulia aegemee kushoto, la sivyo mfuko wa uzazi utabana mshipa mkubwa na atazimia mikononi mwako.

Kwa mtoto nahesabuje ganzi na dawa?

Kwa kilo, siyo kwa macho. Mizani ya bafuni inatosha.

Lignokeni asilimia 2 ina miligramu 20 kwa kila mililita. Kikomo salama ni miligramu 4.4 kwa kilo. Mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni miligramu 66, yaani mililita 3.3: hazifiki katriji mbili za mililita 1.8, na za mililita 2.2 ni moja na nusu tu. Daktari anayetaka kung'oa meno ya pande zote nne "amalize siku moja" hupita hapo bila kujua. Dalili za sumu ya ganzi huanza na kuwashwa mdomoni, masikio kuvuma, maneno kupotea, kisha misuli kuruka na degedege. Kila mara vuta bomba kwanza uone kama damu inaingia, halafu sukuma taratibu.

Kwenye dawa ya maji kosa liko mahali pengine. Amoksilini ya watoto huuzwa ikiwa na miligramu 125 kwenye mililita 5, na pia miligramu 250 kwenye mililita 5. Ukiandika "kijiko kimoja" bila kutaja nguvu ya dawa, mtoto anaweza kupata nusu au mara mbili. Andika miligramu, andika mililita, na umwonyeshe mama kikombe cha kupimia, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Taja pia nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Aliyeambiwa "kila saa nane" anaweza kwenda kumpa mtoto saa nane mchana na saa nane usiku basi.

Mgonjwa wa moyo apewe antibayotiki ya kinga?

Wachache. Ni wale wenye vali bandia, waliowahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Hao hupewa amoksilini gramu 2 kwa mara moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa au kusafisha chini ya fizi. Mtoto hupewa miligramu 50 kwa kilo. Tangu 2021 Chama cha Moyo cha Marekani hakipendekezi tena klindamaisini kwa wenye mzio wa penisilini. Kwa mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi lakini hana vali bandia, miongozo haikubaliani. Pigia simu kliniki yake ya moyo.

Anasema ana mzio wa penisilini, au wa ganzi. Nimwamini?

Mwamini kwanza, kisha umdadisi. Takribani mtu mmoja kati ya kumi husema ana mzio wa penisilini, lakini wenye mzio wa kweli hawafiki asilimia moja ya watu wote. Kuharisha na kichefuchefu si mzio. Vipele vilivyovimba ndani ya saa moja, uso kuvimba na kifua kubana ni mzio, na huyo asipewe amoksilini kwa hali yoyote.

Mzio wa lignokeni ni nadra mno. Mara nyingi kilichotokea ni kuzimia kwa hofu, au moyo kwenda mbio baada ya adrenalini kuingia kwenye mshipa. Muulize alihisi nini, baada ya muda gani, na alipewa nini kumtibu. Majibu yakikutia shaka, mpeleke hospitali.

Kisanduku cha dharura kiwe na nini hasa?

Adrenalini ya 1:1000, aspirini ya miligramu 300, gliserili trinitreti ya chini ya ulimi, salbutamoli ya kuvuta, glukosi ya unga, dawa ya degedege (midazolamu ya shavuni au diazepamu), na oksijeni yenye maski ya mfuko. Glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, ni ghali na si rahisi kupatikana kwetu. Anayejua kuweka kanula (mrija wa mshipani) atahitaji dekstrozi, sukari ya kuingiza mshipani. Ongeza mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, mfuko wa kupumulishia wenye maski ya mtu mzima na ya mtoto, mashine ya kunyonya mate, sindano na mabomba. Mashine ya kushtua moyo ukiimudu, inunue kabla ya televisheni ya mapokezi.

Haidrokotisoni na klofeniramini, dawa nyingine za mzio, zinaweza kuwemo, ila zikae chini kabisa ili mkono usizikute kwanza.

Kisanduku kisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mkuu wa kituo aliyekwenda semina. Adrenalini isikae dirishani kwenye jua la Dar es Salaam. Ichunguze kila mwezi, ikigeuka rangi itupe. Bandika dozi kwenye kifuniko kwa maandishi makubwa, maana siku hiyo kichwa chako hakitakumbuka.

Ganzi yangu tayari ina adrenalini. Siwezi kuitumia kwenye mzio mkali?

Huwezi. Katriji ya mililita 2.2 yenye adrenalini ya 1:80,000 ina miligramu 0.0275 tu. Mtu mzima anahitaji miligramu 0.5, yaani katriji kama 18, na lignokeni iliyomo humo ingekaribia miligramu 800. Ungemuua kwa ganzi ukijaribu kumponya mzio.

Mgonjwa amezimia. Nianze na nini?

Toa kila kitu mdomoni, laza kiti kabisa, inua miguu juu ya kichwa, legeza nguo shingoni. Wengi huamka ndani ya dakika moja au mbili. Usimkalishe, usimmwagie maji, usimnyweshe kitu. Asipoamka baada ya hapo, acha kuita ni kuzimia: pima sukari, pima mapigo, angalia anavyopumua.

Wanaozimia sana si akina mama wanaolia mlangoni. Ni vijana wa kiume wenye miili mikubwa wanaojikaza. Ukiona jasho kwenye mdomo wa juu na miayo, laza kiti kabla hujachoma.

Nitautofautishaje mzio mkali na kuzimia?

Anayezimia hupauka, mapigo yake ni ya polepole, na kulala chali humrudisha. Mwenye mzio mkali mapigo yanakimbia, ngozi mara nyingi inawasha na kuvimba, midomo inafura, sauti inakwaruza, kifua kinapiga filimbi, na kulala hakumponyi. Ngozi ikiwa safi usijidanganye; wengine huanza na presha kuanguka moja kwa moja.

Choma adrenalini kwenye msuli wa nje wa paja, hata juu ya suruali: mililita 0.5 ya 1:1000 kwa mtu mzima na mtoto wa zaidi ya miaka 12, mililita 0.3 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, mililita 0.15 kwa aliye chini ya hapo mpaka miezi 6. Mlaze, inua miguu, isipokuwa kama anashindwa kupumua, hapo mkalishe nusu. Mpe oksijeni lita 15 kwa dakika. Dakika tano zikipita bila nafuu, rudia. Haidrokotisoni haiokoi mtu katika dakika hizo, na muda unaotumia kuitafutia mshipa ndio muda anaokufa. Asisimame ghafla hata akijisikia vizuri, na lazima aende hospitali, kwa kuwa mzio huweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Mwenye kisukari anatetemeka na kusema ovyo.

Pima sukari; ikiwa chini ya 4 mmol/L, au huna kipimo, chukulia imeshuka. Akiwa na fahamu mpe gramu 15 hadi 20 za sukari: nusu ya chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Rudia kipimo baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni. Anayetumia glibenklamidi asirudishwe nyumbani haraka, kwani dawa hiyo huishusha sukari tena baada ya saa nyingi.

Mwezi wa Ramadhani hili hutokea zaidi, hasa Zanzibar na pwani yote, alasiri. Wape wenye kisukari waliofunga nafasi za asubuhi, au baada ya futari kama kliniki hufunguliwa usiku. Dozi ya mara tatu nayo haiingii kati ya futari na daku, kwa hiyo zungumza na mgonjwa waziwazi: mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, na mwenye uvimbe unaosambaa aambiwe hivyo bila kuzungusha. Ukinyamaza, atapunguza dozi mwenyewe.

Maumivu ya kifua yakianza kwenye kiti?

Acha kazi, mkalishe anavyopenda. Gliserili trinitreti chini ya ulimi kama namba ya juu ya presha haijashuka chini ya 90 na kama hajatumia dawa za nguvu za kiume: sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48. Ndiyo maana lile swali la faraghani. Maumivu yasipokata, atafune aspirini ya miligramu 300 (za miligramu 75 ni nne) na gari liondoke.

Upande wa pili wa jambo hili ni mgonjwa anayekuja akisema taya la chini linamuuma, hasa kushoto, kila anapopanda ngazi, na akipumzika linapoa. Meno yake ni mazima. Usitafute jino la kung'oa. Moyo ndio unaolalamika, na kwa wanawake na wenye kisukari taya linaweza kuwa ndilo pekee linalouma.

Degedege, pumu, na jino lililopotelea kooni?

Degedege: toa vifaa, usiweke kijiko wala chochote mdomoni, tazama saa. Ikizidi dakika tano, midazolamu miligramu 10 ya shavuni. Ikikoma, mlaze ubavu.

Pumu: salbutamoli pumzi moja moja kupitia spesa (chombo kinachoshika dawa kabla ya kuvutwa), hadi kumi. Huna spesa? Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa chini hufanya kazi vizuri. Wenzetu wa Afrika Kusini waliipima.

Jino limeteleza nyuma ya ulimi na hulioni: akikohoa mwache akohoe, akishindwa, mapigo matano mgongoni kisha mibano mitano ya tumbo. Akitulia kabisa bado anahitaji picha ya kifua. Jino lililo kwenye pafu huweza kunyamaza kwa wiki.

Moyo ukisimama, nimshushe kwenye kiti?

Ukiweza haraka na salama, mshushe. Usipoweza, laza kiti chini kabisa, sukumia stuli chini ya mgongo wa kiti kisiyumbe, na uanze: mikandamizo 30, pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Badilishaneni kila dakika mbili.

Silinda yangu ya oksijeni inatosha?

Piga hesabu. Silinda ya lita 340 kwa mtiririko wa lita 15 kwa dakika huisha ndani ya dakika 22 hivi. Ukiwa Mbagala, Dar es Salaam, saa 11 jioni, na hospitali ya rufaa iko upande wa pili wa foleni, jibu unalo. Mashine ya kuzalisha oksijeni husaidia, ila nyingi hutoa lita 5 hadi 10 tu, na umeme ukikatika imekwisha.

Tuko wawili tu. Tutafanyaje mazoezi?

Watatu, pamoja na dada wa mapokezi. Daktari abaki na mgonjwa. Muuguzi alete kisanduku na oksijeni. Dada apige simu idara ya dharura mliyochagua mapema, namba ikiwa ukutani, aite bajaji au teksi kama gari la wagonjwa halipatikani, na aandike saa ya kila dawa. Siku moja kila mwezi, bila kutangaza, mmoja ajilaze kwenye kiti na kusema "kifua kinabana". Pimeni muda mpaka adrenalini iwe kwenye bomba. Tumieni ampuli zilizoisha muda kujifunzia kuvunja shingo ya kioo. Mikono inayotetemeka huzivunja vibaya.

Mgonjwa akipata madhara ya dawa, natoa taarifa wapi?

Tanzania, jaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kenya, fomu ya njano ya Bodi ya Famasia na Sumu, na ile ya waridi ukishuku kuwa dawa yenyewe ni mbovu, kwa mfano ganzi isiyoshika kwa wagonjwa kadhaa wa boksi moja. Andika jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mpe mgonjwa karatasi yenye jina la dawa iliyomdhuru aiweke pamoja na kadi yake ya kliniki, na uandike hivyo kwa wino mwekundu kwenye jalada la faili lake.